Barua ya wazi kwa wakuu wa jeshi: Askari wanaomba msaada, ila si kwenu

Kwa Waziri wa Ulinzi, Mkuu wa Majeshi, Baraza la Ulinzi na Kamati ya Bunge ya Ulinzi.

Waheshimiwa na maafande,

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Nakuru, na ni dada wa mwanajeshi. Ndugu yangu yuko hai, yuko kazini, na hajanituma. Angejua ninaandika angeniomba niache. Naandika kwa sababu kuna jambo tunaloliona sisi wa kliniki za raia ambalo nina hakika halifiki mezani kwenu, kwa kuwa wenye jambo hilo hufanya kila wawezalo lisifike.

Kila habari za askari aliyejitoa uhai zinapotoka, mkubwa fulani husimama kuwasihi vijana wafunguke, waseme, wasibebe mzigo peke yao. Maafande, wanasema. Wanatuambia sisi, Jumamosi asubuhi, wakiwa wamevaa kiraia, wakilipa taslimu, na majina mengine wanayoandikisha si yao. Hakuna anayehitaji kuwafundisha kusema. Wanachoogopa ni kwamba wakisema ndani, habari itapitia kwa yule yule anayeandika ripoti zao za kazi, anayepanga nani aende misheni za nje ya nchi na nani apande cheo.

Nitawaeleza mmoja, na nimebadilisha mambo madogo asitambulike. Alikuja mapema kabla foleni haijawa ndefu. Kwenye fomu, mahali pa kazi, aliandika "mkulima". Viganja vyake havikuwa na dalili ya jembe. Aliacha viti viwili vitupu akaenda kuketi pembeni, mgongo ukutani, macho mlangoni. Nilipomuuliza kama analala, alijibu haraka, "Ndio, afande," halafu akajishika mdomo. Sikumuuliza zaidi kuhusu kilimo. Tulizungumza karibu saa nzima, akakiri kwamba kuna usiku ambao haoni sababu ya kuamka kesho yake. Nilimwandikia barua ya kumwona daktari wa akili. Akaikunja mara nne, akavua kiatu, akaitia ndani ya soksi. Akasema barua ile ikionekana kambini hatapata misheni tena, na pesa za misheni ndizo zilizokuwa zimalizie nyumba ya mama yake.

Kijana yule alijua anaumwa. Alijua dawa ipo. Hakuwa na ukaidi wowote wala haya ya "mwanaume ni kujikaza". Alipiga hesabu tu, na hesabu yake ilikuwa sawa.

Najua mna hospitali ya Forces Memorial kule Nairobi, mna madaktari, mna washauri nasaha, mna makasisi na maimamu waliovaa sare. Baadhi yao nimekutana nao kwenye semina na ni watu wazuri mno. Lakini daktari mzuri anayeogopwa kwa sababu ya faili yake hatibu mtu. Ninachowaomba katika barua hii ni kimoja, na mengine yote yatatoka humo: wekeni kwa maandishi, kwa amri inayosomwa gwarideni, kwamba askari anaweza kumwona mshauri bila kamanda wake kujua, na kwamba atakachosema hakitaingia kwenye rekodi ya kazi yake isipokuwa pale tu uhai wake au wa mwenzake uko hatarini sasa hivi. Na hata hapo, kamanda aambiwe kile tu anachohitaji ili kumlinda, asipewe hadithi yote.

Mtaniambia jeshi si benki, haliwezi kufanya kazi kwa siri za watu binafsi. Nimeisoma Katiba. Kifungu cha 24(5) kinaruhusu sheria iwawekee wanajeshi mipaka katika haki kadhaa: faragha iliyo katika kifungu cha 31 imo, na afya iliyo ndani ya kifungu cha 43 imo. Sibishani na hilo. Kamanda hawezi kumweka mtu lindoni bila kujua kama mtu huyo anaweza kusimama. Lakini ipitieni orodha hiyo mpaka mwisho. Hadhi ya mwanadamu, kifungu cha 28, haikutajwa humo. Sare haiiondoi.

Tena sheria yenyewe imesogea. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mtu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mkosaji wa kufungwa hadi miaka 2. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi iliyopelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa akili. Raia wengi wamesikia. Je, koplo aliye kambini Gilgil ameambiwa? Ameambiwa na nani, kwa maandishi gani? Wagonjwa wangu wa Jumamosi bado wananiuliza kama wakisema ukweli nitawapigia polisi.

Kuna jeshi lililowahi kujaribu ninachokisema, na si jeshi la watu laini. Mwaka 1996 Jeshi la Anga la Marekani lilianza mpango ambao wakuu wake wa juu kabisa waliusimamia wenyewe badala ya kuwaachia madaktari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la madaktari wa Uingereza ulionyesha kuwa hatari ya kujiua jeshini humo ilishuka kwa asilimia 33. Mengi katika mpango ule ni mafunzo ya kawaida ambayo hata sisi tunaweza kuyaandaa kesho. Lakini mambo mawili yalinifanya niweke kikombe chini. La kwanza, askari anayechunguzwa kwa kosa, akionekana yuko katika hatari ya kujidhuru, alipewa nafasi ya kuzungumza na mtaalamu bila maneno yake kutumika dhidi yake katika mashtaka hayo. La pili, wapelelezi wakishamhoji mtu, walikatazwa kumwachia atoke mlangoni peke yake. Ilibidi wamkabidhi mkononi kwa kamanda wake au mwakilishi wake.

Fikirieni hilo kwa mazingira yetu. Kijana ameitwa kujibu kuhusu vifaa vilivyopotea, au mke wake ameandika malalamiko, au shailoki wa mikopo amefika hadi getini. (Hili la mikopo linastahili barua yake: hakuna mtu anayependwa na wakopeshaji kama askari mwenye hati ya mshahara, na wapo wanaobaki na senti za kununua unga tu baada ya makato.) Anatoka ofisini saa kumi jioni, amevuliwa cheo au anasubiri kuvuliwa, wenzake wanamkwepa wasije wakahusishwa. Usiku huo ndio mbaya. Kumpa mtu wa kukaa naye usiku huo hakuhitaji bajeti ya Bunge.

Niseme pia kwamba mpango huo wa Marekani ulipolegezwa mwaka 2004, vifo vilipanda tena. Kwa hiyo warsha moja katika hoteli ya Naivasha, fulana na kofia, halafu picha mtandaoni, haitoshi. Nimehudhuria za aina hiyo. Chakula kilikuwa kizuri.

Nije kwenye suala la wakati. Tangu Oktoba 2011 vijana wetu wamekuwa wakienda Somalia na kurudi. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ya El Adde kule Somalia ilishambuliwa, na siku chache baadaye marais watatu waliketi pamoja katika kambi ya Moi kule Eldoret kuwaombea waliokufa. Mwaka uliofuata, Januari hiyo hiyo, ikawa kambi ya Kulbiyow, huko huko Somalia. Waliokufa tuliwalilia, na ilistahili. Wale waliorudi wakitembea kwa miguu yao tuliwapokea kwa shangwe, tukachinja mbuzi, tukawaambia Mungu ni mwema. Kisha tukarudi kwenye shughuli zetu.

Mtu akishuka kwenye ndege hana tatizo lolote. Mpe fomu yoyote ataweka alama ya "sina" kuanzia juu hadi chini, hata kama ana risasi mguuni, kwa sababu kati yake na nyumbani kuna fomu hiyo tu. Wamarekani waliligundua hili walipowapima askari 88,235 waliotoka Iraq, mara tu waliporudi na tena miezi kadhaa baadaye. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2007: waliosema wana shida ya akili walikuwa wengi zaidi katika kipimo cha pili. Shida huja shangwe ikiisha, mbuzi akishaliwa. Kama mnawapima wanaorudi kutoka misheni wakati wa kuwapokea peke yake, mnapima furaha. Wapimeni mwezi wa tatu na wa sita baada ya kurudi, wote bila kubagua, kuanzia meja hadi kuruta aliyemaliza mafunzo juzi, ili kuitwa kwa mshauri kusiwe alama ya mtu fulani.

Anayeiona miezi hiyo ya katikati ni mke. Juzi pale soko la Free Area, nikichagua nyanya, mama mmoja anayejua kazi yangu alijisogeza kando yangu akaanza kuchagua nyanya ambazo hakuwa na nia ya kununua. Akaniambia mume wake amegawa ng'ombe wawili kwa ndugu zake bila kuombwa. Amewasamehe watu madeni. Amempigia simu mwalimu wake wa darasa la nane kumshukuru. Watu kijijini wanamsifu kwamba jeshi limemfanya mtu mwema, lakini yeye mkewe hapati usingizi, kwa sababu mtu huyo huyo hali chakula na watoto tena na kanisani husimama nyuma karibu na mlango. Halafu akauliza swali ambalo kila mke wa askari huniuliza: "Sista, nikimwambia mkubwa wake, atafutwa?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia asimwache peke yake, amuulize waziwazi kama anafikiria kufa, maana kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani, na nikamwelekeza kwetu. Alifanya hivyo, na mumewe anatibiwa. Mengine ni yao. Lakini angalieni jinsi njia ilivyopita: kupitia nyanya. Mwanamke anayelala kitanda kimoja na askari wenu hana namba hata moja ya kupiga ambayo haimhatarishii unga wa watoto wake. Wapeni wake na waume wa askari namba hiyo. Waiteni kabla kikosi hakijarudi, muwaeleze dalili kwa Kiswahili cha kawaida, muwaambie kwa midomo yenu kwamba kupiga simu si kumchongea mtu.

Kuhusu silaha nitasema kwa ufupi, maana ninyi mnajua zaidi. Jeshi la Israeli mwaka 2006 liliacha kuwaruhusu vijana wake kwenda na bunduki nyumbani mwisho wa wiki, na vifo vya kujiua miongoni mwa askari wa miaka 18 hadi 21 vikapungua kwa takriban asilimia 40. Wazo la kufa huja kwa mawimbi, na wimbi likipita mtu hushangaa mwenyewe. Kamanda mwenye busara anaweza kumhamishia askari wake jikoni, stoo au karakana kwa wiki kadhaa. Ila leo uhamisho kama huo wenzake wanausoma kama adhabu, na yeye pia. Tengenezeni utaratibu unaotumika pia kwa mwenye mguu uliovunjika na aliyefiwa na mzazi, ili jikoni pawe mahali pa kupumzikia, bila maelezo mengi.

Halafu wapo waliovua sare. Chuo Kikuu cha Brown kilichapisha mwaka 2021 makadirio kwamba wanajeshi wa Marekani waliojiua baada ya vita vilivyoanza 2001, walio kazini na walioondoka, ni 30,177, wakati waliouawa katika operesheni za vita hivyo ni 7,057. Sisi hesabu zetu hatunazo hadharani, lakini ukikaa mitaa ya hapa Nakuru kama Lanet, Pipeline au Free Area utawakuta: wastaafu wa miaka arobaini na kitu, amri hawatoi tena, amri hawapokei, simu haiiti. Mwaka 2022 tulipata Sheria ya Wanajeshi Wastaafu. Naomba ushauri nasaha uanze miezi kabla ya siku ya mwisho kazini na uendelee baadaye, hata kwa yule aliyefukuzwa. Hasa kwa yule aliyefukuzwa, maana huyo ameondoka na aibu juu ya hasara.

Daktari mmoja wa San Francisco, Jerome Motto, alikuwa askari katika Vita vya Pili vya Dunia, na barua alizokuwa akiandikiwa huko vitani na msichana aliyemfahamu kidogo tu zilimsaidia kuendelea. Kuanzia mwaka 1969 alijaribu jambo lile lile kwa wagonjwa waliokuwa wamelazwa kwa sababu ya kutaka kufa na kisha wakakataa matibabu zaidi. Nusu yao aliwaandikia barua fupi mara kwa mara kwa miaka kadhaa, bila kuwadai chochote: tunakukumbuka, ukitaka kutuandikia tutafurahi. Katika miaka miwili ya kwanza, walioandikiwa walikufa kwa kujiua wachache kuliko wasioandikiwa. Ujumbe wa simu hauna gharama kubwa. Walipojaribu kwa ujumbe wa simu jeshini Marekani matokeo yalikuwa ya mchanganyiko, sitawadanganya, lakini waliopokea ujumbe walijaribu kujiua wachache zaidi. Jeshi linalojua namba ya kila mtu wake haliwezi kukosa karani wa kuandika, "Sajini, habari za huko? Kikosi kinakusalimu."

Linalobaki ni zito na sina namna ya kulilainisha. Askari akifa kwa mkono wake, mnachosema siku tatu za kwanza kinakaa katika familia hiyo miaka thelathini. Tunasoma gazetini sentensi chache, na ya mwisho inasema inaaminika marehemu alikuwa na mzozo wa kinyumbani. Sentensi hiyo inampeleka mjane kwa wakwe akiwa tayari amehukumiwa. Kifo cha namna hii hakina sababu moja; mnajua, nasi tunajua. Acheni kuwapa waandishi mke wa mtu kama maelezo. Na kwetu magharibi, ninakotoka mimi, bado zipo koo zinazomzika aliyejitoa uhai usiku, au nje ya boma, bila matanga ya kueleweka, watoto wake wakitazama. Ofisa wenu mmoja akifika na sare yake, akasimama mchana kando ya kaburi, akamtaja marehemu kwa cheo chake, hakuna mzee wa kijiji atakayethubutu kusema azikwe gizani. Hilo liko mikononi mwenu kabisa.

Mkakati wa taifa wa kuzuia kujiua wa 2021 hadi 2026 uliweka lengo la kupunguza vifo hivi kwa asilimia 10, na lengo halipimiki bila hesabu. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza hutangaza kila mwaka idadi ya wanajeshi wake waliokufa hivyo, takwimu zikianzia 1984, na maadui wa Uingereza hawajaiteka kwa sababu ya jedwali hilo. Tangazeni zenu. Idadi tu, bila majina, bila vikosi. Kamati ya Bunge, ninyi mnaweza kuidai katika kikao kimoja.

Askari anayesoma hapa, au mke, au mama: Befrienders Kenya wanapokea simu kwa 0722 178 177, na Msalaba Mwekundu wana namba ya bure 1199. Hao si jeshi na hawatakuuliza kikosi. Kama hatari iko sasa hivi, usisubiri kupanga maneno. Mpeleke mtu hospitali yoyote iliyo karibu na ukae naye.

Kwenu wakuu, sihitaji jibu lenye kichwa cha barua na mhuri. Jibu hilo libandikeni kwenye ubao wa kila mesi, Lanet, Gilgil, Eldoret na kwingineko: namba ya kupiga, nani atapokea, nani ataiona faili, na nani hataruhusiwa kuiona. Lipigwe sahihi na Mkuu wa Majeshi mwenyewe. Wagonjwa wangu wa Jumamosi watanieleza kama limebandikwa.

Wenu,
Muuguzi wa afya ya akili, Nakuru